Frederick Orpen Bower

Frederick Orpen Bower (Ripon, Uingereza, 4 Novemba 1855 – Ripon, 11 Aprili 1948) alikuwa mwanabotania wa Uingereza aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza muundo na asili ya makangaga na mimea mingine isiyotoa mbegu. Alikuwa profesa wa botania katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, kuanzia mwaka 1885 hadi 1925.

Anajulikana hasa kwa kitabu chake chenye juzuu tatu, The Ferns, kilichotolewa kati ya 1923 na 1928. Humo alionyesha kwamba makangaga hayawezi kupangwa katika familia zake za kweli kwa kutazama sifa moja tu. Alitumia sifa 12 kwa pamoja, na mojawapo ilikuwa mpangilio wa mishipa ya maji na chakula ndani ya shina. Baadaye yeye mwenyewe alitambua kwamba sifa hiyo inaweza kumpotosha mtafiti, kwa sababu mishipa hubadilika pia kulingana na ukubwa wa shina.

Maisha ya awali na elimu

Bower alizaliwa Ripon, mji mdogo wa Yorkshire kaskazini mwa Uingereza. Alisoma katika shule ya Repton, kisha akajiunga na Trinity College katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1874. Wakati huo ufundishaji wa botania nchini Uingereza ulihusu zaidi kutambua mimea na kuipa majina. Wanafunzi wachache tu walipata nafasi ya kukata shina la mmea na kulichunguza kwa hadubini.

Ujerumani ilikuwa imetangulia katika kazi za maabara, na Bower alikwenda huko kujifunza. Mwaka 1877 alifanya kazi Würzburg chini ya Julius Sachs, na mwaka 1879 alikuwa Strasbourg kwa Anton de Bary. De Bary alikuwa ameandika kitabu kikubwa kuhusu muundo wa ndani wa mimea ya maua na makangaga. Bower na mwenzake Dukinfield Henry Scott walikitafsiri kwa Kiingereza, na tafsiri hiyo ilitolewa mwaka 1884. Kazi hiyo ilimfanya Bower ajue kwa undani yote yaliyokuwa yameandikwa hadi wakati ule kuhusu mishipa ya makangaga.

Aliporudi nyumbani alifundisha London, kwanza katika University College na baadaye South Kensington chini ya Thomas Henry Huxley. Alifanya pia utafiti katika maabara ya Jodrell kwenye bustani ya mimea ya Kew. Moja ya kazi zake za kwanza huko ilihusu mmea wa Afrika: alichunguza kuota kwa mbegu na ukuaji wa miche ya Welwitschia mirabilis, mmea wa jangwa la Namibia na Angola ambao huwa na majani mawili tu katika maisha yake yote.

Profesa wa Glasgow

Mwaka 1885, akiwa na umri wa miaka 29, Bower aliteuliwa kuwa profesa wa botania huko Glasgow, akachukua nafasi iliyoachwa na Isaac Bayley Balfour. Alikaa katika kiti hicho kwa miaka 40. Wanafunzi wengi wa madarasa yake walikuwa wa udaktari, ambao wakati ule walilazimika kusoma botania. Bower alisisitiza kwamba kila mwanafunzi akate na kuchora mmea mwenyewe. Pamoja na Sydney Vines aliandika kitabu cha mazoezi ya maabara kwa ajili ya kazi hiyo.

Mwaka 1901 chuo kilifungua jengo jipya la botania, na mgeni aliyelifungua alikuwa Joseph Hooker, aliyekuwa mkurugenzi wa zamani wa Kew. Jengo hilo leo lina jina la Bower.

Chini yake Glasgow ilikuwa kituo muhimu cha utafiti wa makangaga. William Henry Lang alisoma huko na baadaye akawa profesa Manchester. David Thomas Gwynne-Vaughan alikuwa msaidizi wa Bower na mtaalamu wa mishipa ya shina.

Tatizo la kupanga makangaga

Kangaga ni mmea usio na maua wala mbegu, ambao huzaliana kwa spora ndogo kama vumbi. Majani yake machanga huwa yamejikunja kama gamba la konokono, kisha hufunguka yanapokua. Spora hukaa katika vifuko vidogo, ambavyo kwa kawaida huonekana upande wa chini wa jani kama madoa au mistari ya rangi ya kahawia.

Kwa mimea ya maua, wataalamu wa karne ya 18 na 19 waliweza kutumia ua kama msingi wa kupanga familia. Kangaga halina ua, kwa hiyo walitumia umbo la makundi ya vifuko vya spora na utando unaoyafunika. Njia hiyo ilikuwa rahisi, kwa kuwa jani lililokaushwa lilitosha. Matokeo yake yalikuwa familia moja kubwa mno, Polypodiaceae, iliyobeba spishi nyingi kuliko nyingine zote. Bower alishuku kwamba familia hiyo haikuwa ukoo mmoja, bali mkusanyiko wa koo mbalimbali zilizofikia maumbo yanayofanana kwa njia tofauti.

Mwaka 1899 alipendekeza kwanza kuangalia mpangilio wa kukomaa kwa vifuko. Katika kundi la kwanza, Simplices, vifuko vyote vya doa moja hukomaa kwa pamoja. Katika la pili, Gradatae, hukomaa kwa zamu kutoka juu kwenda chini. Katika la tatu, Mixtae, vikomavu na vichanga huchanganyika mahali pamoja. Bower aliona hizo kuwa ngazi tatu za mageuko, kutoka ya zamani hadi ya karibuni. Lakini alijua kwamba ngazi si ukoo, kwani koo mbili zinaweza kupanda ngazi ileile kila moja kwa njia yake. Ili kutenganisha koo alihitaji ushahidi mwingine, na sehemu ya ushahidi huo ilikuwa ndani ya shina.

Mishipa ya shina

Ndani ya shina la kangaga kuna zailemu, inayopandisha maji, na floemu, inayosafirisha chakula. Mwaka 1886 Wafaransa Philippe Van Tieghem na Henri Douliot walipendekeza kwamba mishipa yote ya shina pamoja na tishu zinazoizunguka itazamwe kama kitu kimoja, wakakiita steli. Shina likikatwa kwa wembe, umbo la steli huonekana kwenye mkato. Kwa makangaga maumbo makuu ni haya:

Protosteli ni umbo sahili kuliko yote. Zailemu ni nguzo moja iliyojaa katikati ya shina, na floemu huizunguka.

Solenosteli ni bomba. Katikati kuna tishu laini, na zailemu huwa duara lenye floemu ndani na nje. Mahali ambapo mshipa wa jani hutoka, bomba huachwa na pengo linalojifunga tena juu zaidi.

Diktiosteli ni bomba ambalo mapengo yake yamekuwa mengi na marefu hata yanapishana. Steli nzima huwa kama wavu, na kwenye mkato huonekana vipande vingi vilivyopangwa kwa duara.

Baadhi ya makangaga huwa pia na mishipa ya ziada ndani ya duara, au duara moja ndani ya jingine.

Gwynne-Vaughan alichapisha mwaka 1901 na 1903 uchunguzi wa kina wa makangaga yenye solenosteli. Kisha pamoja na Robert Kidston alichunguza visukuku vya familia ya Osmundaceae katika mfululizo wa makala za 1907 hadi 1914. Mashina ya kale ya Urusi, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 250, yalikuwa na nguzo ya zailemu iliyojaa, wakati Osmunda ya leo ina duara la vipande vyenye tishu laini katikati. Hivyo mwelekeo kutoka nguzo hadi duara, ambao hapo awali ulikisiwa kwa kulinganisha mimea hai, ulipata ushahidi kutoka kwenye mawe.

Mmea mchanga nao unaonyesha mfuatano huo. Mche wa kangaga huanza na protosteli, hata kama mmea mzima utakuwa na diktiosteli. Katika shina lake, kutoka chini kwenda juu, hatua zote zinaweza kuonekana.

Mifano kutoka Tanga

Maumbo aliyoyaeleza Bower yanaweza kuonekana katika mkoa wa Tanga, kaskazini mwa pwani ya Tanzania. Kutoka fukwe za Ushongo, wilayani Pangani, hadi milima ya Usambara Mashariki si mbali, lakini mvua huongezeka sana kadiri mtu anavyopanda, na spishi za makangaga huongezeka pia. Amani, palipoanzishwa kituo cha utafiti cha Wajerumani mwaka 1902, iko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari.

Protosteli ipo katika Dicranopteris linearis, kangaga linalotambaa na kufunika kingo za barabara na miteremko iliyo wazi. Ipo pia katika jenasi Lygodium, ambayo majani yake hujizungusha kwenye miti kama kamba. Spishi ya Afrika Mashariki, Lygodium kerstenii, ilipewa jina na Maximilian Kuhn wa Berlin kwa heshima ya Otto Kersten, aliyesafiri na Karl Klaus von der Decken katika miaka ya 1860.

Solenosteli hupatikana katika makangaga ya msituni yenye mashina marefu yanayotambaa, kama Microlepia speluncae. Diktiosteli ni ya kawaida katika Dryopteris na pia katika Acrostichum aureum, kangaga kubwa la mikoko ya pwani ya Afrika Mashariki. Makangaga-miti ya jenasi Cyathea yana wavu mkubwa wa mishipa pamoja na vipande vingi vya ziada katikati ya shina. Pteridium aquilinum, linalovamia mashamba yaliyoachwa na sehemu zilizoungua milimani, lina duara mbili za mishipa, moja ndani ya nyingine.

Mfano wenye mafunzo zaidi ni Nephrolepis, kangaga linaloota pwani na kupandwa sana kwenye vyungu vya mapambo. Shina lake lililosimama lina diktiosteli, lakini vitawi vyembamba vinavyotambaa kutoka humo vina protosteli. Mmea mmoja una maumbo mawili. Anayechunguza kitawi peke yake anaweza kuuweka miongoni mwa makangaga ya kale, na anayechunguza shina peke yake akauweka kwingine.

Sababu nyingine iliyochelewesha matumizi ya steli ni jinsi vielelezo vilivyokusanywa. Wasafiri wa karne ya 19 walikandamiza majani kati ya karatasi na kuyapeleka Ulaya. Shina nene ni gumu kukausha na kubeba, hivyo mara nyingi liliachwa msituni. Mtaalamu aliyekaa Berlin au London alikuwa na jani na spora tu mbele yake.

The Ferns na sifa 12

Bower alikuwa na umri wa miaka 67 juzuu ya kwanza ya The Ferns ilipotoka mwaka 1923. Juzuu hiyo inaeleza sifa 12 moja baada ya nyingine. Miongoni mwake ni umbo la nje la shina na majani, jinsi ncha ya mmea inavyokua, mishipa ya jani, mishipa ya shina, nywele na magamba, mahali pa vifuko vya spora, utando unaovifunika, muundo wa kifuko na spora zenyewe, idadi ya spora, mmea mdogo unaozaa gameti, na kiinitete. Juzuu ya pili, ya 1926, na ya tatu, ya 1928, zinatumia sifa hizo kwa familia moja moja.

Kanuni yake ilikuwa kwamba sifa moja isiaminiwe peke yake. Protosteli katika kangaga lenye nywele badala ya magamba, lenye vifuko vikubwa vyenye spora nyingi vinavyokomaa kwa pamoja, ni dalili nzuri ya ukale, kwa kuwa mashahidi kadhaa wanakubaliana. Protosteli isiyoungwa mkono na sifa nyingine inaweza kuwa na sababu tofauti kabisa. Kwa njia hiyo Bower aliivunja Polypodiaceae ya zamani katika koo kadhaa.

Ukubwa na umbo

Swali la sababu hiyo tofauti lilimshughulisha katika miaka yake ya mwisho Glasgow na baada ya kustaafu. Claude Wardlaw, aliyekuwa Glasgow katika miaka hiyo, alifanya vipimo vingi kuhusu suala hilo. Mwaka 1930 Bower alitoa kitabu Size and Form in Plants.

Hoja yake inategemea hesabu rahisi. Nguzo ikikua mara 2 kwa kila upande bila kubadilika umbo, eneo la uso wake huongezeka mara 4, lakini ujazo wake huongezeka mara 8. Maji na chakula hupita kati ya steli na tishu zinazoizunguka kupitia uso wa steli. Kwa hiyo nguzo nene iliyojaa ina uso mdogo kuliko mahitaji yake. Ikitoboka na kuwa bomba, au ikigawanyika kuwa wavu, uso huongezeka tena. Shina linaloongezeka unene lina sababu ya kimaumbile ya kuacha protosteli, na shina jembamba lina uwezo wa kubaki nayo.

Hoja hiyo ilieleza kwa nini mche huanza na protosteli na kwa nini vitawi vyembamba vya Nephrolepis vinayo. Lakini ilipunguza pia nguvu ya ushahidi ambao Bower mwenyewe alikuwa ameutegemea. Ikiwa steli tata ni tokeo la ukubwa, basi makangaga mawili makubwa yenye diktiosteli si lazima yawe ndugu. Bower hakuiacha sifa ya steli. Alidai isomwe pamoja na ukubwa wa shina, na ilinganishwe kati ya mashina yenye unene unaokaribiana.

Asili ya mimea ya nchi kavu

Kabla ya The Ferns, Bower alikuwa ameandika The Origin of a Land Flora, kilichotoka mwaka 1908. Alifundisha kwamba kizazi cha mimea kinachotoa spora kilikuwa kitu kipya kilichoingizwa katika maisha ya mmea baada ya mababu wa majini kuhamia nchi kavu. Wapinzani wake waliona vizazi viwili vya mmea kuwa marekebisho ya kitu kilekile, na mjadala uliendelea kwa miaka mingi.

Kati ya 1917 na 1921, Kidston na Lang walichapisha maelezo ya mimea iliyohifadhiwa ndani ya mawe huko Rhynie, Uskoti, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 400. Mimea hiyo haikuwa na mizizi wala majani ya kweli, bali vijiti vilivyogawanyika, vyenye mshipa mmoja mwembamba katikati. Spishi moja iliitwa Rhynia gwynne-vaughanii kwa kumbukumbu ya Gwynne-Vaughan, aliyefariki mwaka 1915. Ugunduzi huo ulikubaliana na wazo la Bower kwamba steli sahili ndiyo ya kale. Lakini haukukubaliana na maelezo yake ya 1908 kuhusu asili ya shina na majani. Bower alikubali umuhimu wa visukuku hivyo na kurekebisha mafundisho yake, kama inavyoonekana katika Primitive Land Plants cha mwaka 1935.

Heshima na miaka ya mwisho

Bower alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London mwaka 1891. Alipewa Linnean Medal mwaka 1909, Royal Medal mwaka 1910 na Darwin Medal mwaka 1938. Alikuwa rais wa Royal Society ya Edinburgh kuanzia 1919 hadi 1924, na mwaka 1930 alikuwa rais wa British Association.

Baada ya kustaafu mwaka 1925 alirudi Ripon na kuendelea kuandika. Mwaka 1938 alitoa kitabu kuhusu miaka 60 ya botania nchini Uingereza, ambayo mengi ya matukio yake aliyashuhudia. Alifariki Ripon tarehe 11 Aprili 1948, akiwa na umri wa miaka 92.

Urithi

Tangu mwisho wa karne ya 20, upangaji wa makangaga umetegemea hasa ulinganishaji wa DNA. Matokeo yake yamethibitisha baadhi ya mawazo ya Bower na kukataa mengine. Osmundaceae, Gleicheniaceae na ndugu wa Lygodium, aliowaweka katika ngazi ya kale, kweli walitengana mapema na makangaga mengine yenye vifuko vyembamba. Kwa upande mwingine Hymenophyllaceae, aliyoiweka ngazi ya pili, nayo imeonekana kuwa tawi la mapema.

Wazo lake kwamba Polypodiaceae ya zamani ilichanganya familia nyingi limekubaliwa kila mahali. Katika Flora of Tropical East Africa, iliyochapishwa kati ya 1952 na 2012 na inayohusu Kenya, Tanzania na Uganda, makangaga yamegawanywa katika familia nyingi ndogo. Bernard Verdcourt ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Steli haitumiki tena kama ushahidi mkuu wa ukoo, lakini bado hufundishwa vyuoni na husaidia kutambua visukuku, ambavyo havina DNA. Kipande cha shina lililogeuka jiwe mara nyingi huwa na mpangilio wa mishipa tu, na kwa wanaokisoma, maelezo ya Bower yangali mwongozo.

Jina lake hufupishwa kama Bower linapoandikwa pamoja na majina ya kisayansi ya mimea aliyoieleza.